Bibi Amekataa Kurukwa

SEHEMU D: MWENZI, MAPENZI NA FARAGHA

Maelekezo kwa mhoji: Iwapo mhojiwa ana umri wa miaka 60 au zaidi, usiulize sehemu hii. Andika 99 (haihusiki) katika kila kisanduku, kisha ruka hadi Sehemu E.

31. Je, una mwenzi?   [ 99 ]

32. Je, unahitaji faragha pamoja na mwenzi wako?   [ 99 ]

33. Je, unaipata?   [ 99 ]

Katika dodoso namba 088, hizo 99 tatu zimekatwa kwa wino wa bluu. Pembeni, kwa mwandiko wa mwanafunzi mwenye haraka:

          bibi amekataa kurukwa


1

Perusi Ntandu aliyasoma maneno hayo, akaweka rula chini yake, akayasoma tena. Yeye ni karani wa takwimu wa Chuo cha Ustawi wa Jamii. Kazi yake ni kuyatoa majibu kwenye karatasi na kuyaingiza kwenye kompyuta, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukutana na mhojiwa aliyegombana na dodoso.

Akaandika umri: 74. Kompyuta, kama ilivyofundishwa, ikaifunga Sehemu D yote na kuijaza yenyewe. Akajaribu kuifungua, kama huyo bibi alivyotaka. Ikakataa. Akajaribu tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua ina watu.

99

99

99

Hakukasirika. Perusi si mtu wa kukasirika upesi. Alifungua daftari lake akaandika tarehe, namba ya dodoso, na swali moja: Nani alisema iwe hivi, na lini?


2
Mambo ambayo Perusi alijifundisha mwenyewe

Kupiga chapa kwa vidole kumi, alipokuwa bado mhudumu wa chai, kwa mashine mbovu iliyokuwa inasubiri kutupwa.

Kutengeneza majedwali.

Kiingereza cha vitabu vya takwimu. Hawezi kukizungumza, lakini hakiwezi kumdanganya.

Kusoma tasnifu kuanzia nyuma: kwanza viambatisho, kisha majedwali, maneno mwisho.

Kunyamaza wahadhiri wanapomwita "mama wa kuchapa".


3

KUTOKA: OFISI YA UJENZI
KWA: MSIMAMIZI, MAKAO YA WAZEE MGUNGANI
NAKALA: CHUO CHA USTAWI WA JAMII – kwa taarifa

YAH: KUBOMOLEWA KWA CHUMBA NAMBA 9

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Makao yatapata mabweni mapya mawili: la wanaume upande wa mashariki, la wanawake upande wa magharibi, kila moja likiwa na vyumba vya vitanda sita.

3. Chumba Na. 9, kilichokuwa stoo ya majembe na ambacho kwa sasa kinatumiwa na wakazi wawili wa jinsia tofauti, kitabomolewa. Wakazi hao watahamishiwa mabweni yanayowahusu.

4. Ifahamike kwamba utafiti wa Chuo (rejea Mwongozo wa Maafisa Ustawi, uk. 41) umethibitisha kuwa wazee hawana uhitaji wa vyumba vya wenzi.

5. Mwenye maoni yanayotokana na utafiti (si malalamiko) ayawasilishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huu.

Nakutakia kazi njema.


4

Dodoso 088 lilitoka Mgungani. Mhojiwa: Eliwaza Hango. Chumba: 9.

Perusi alizibandika karatasi hizo mbili kwa pini moja. Ukurasa wa 41 aliujua. Aliuchapa mwenyewe.


5
Yaliyosikika katika chumba cha chai cha Chuo

— Mimi nimuulize mtu wa rika la mama yangu mambo ya chumbani? Halafu nikale kwa nani?

— Na wenyewe wamechoka bwana. Wanataka uji na dawa ya magoti.

— Utafiti umeshasema.

— Mama wa kuchapa, sukari iko wapi?


6

Alikwenda Mgungani siku ya Jumamosi, siku yake ya mapumziko, maana hakuna aliyemtuma. Alizeti zilikuwa zimekauka pande zote mbili za njia. Mfukoni alikuwa na kalamu mbili, ya pili ikiwa ya kuikomboa ya kwanza.

Chumba namba 9 kilikuwa na pazia la kitenge mlangoni. Mbele yake walikaa watu wawili wakipukuchua alizeti kwenye ungo mmoja: mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, na mwanamume mrefu aliyekuwa akiwafukuza kuku kwa kofia. Perusi alipiga goti kidogo, akasalimia. Akasema ametoka Chuoni kwa ajili ya lile dodoso.

Bibi Eliwaza aliuliza kama amekuja kumruka tena.

Perusi akasema hapana. Kisha akafungua Sehemu D, akaliona swali la thelathini na moja, akamwona mwanamke aliyemzidi mama yake mwaka mmoja tu. Akaizungusha kalamu badala ya kuuliza. Basi akajua kwamba wale wa chumba cha chai hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamelelewa, kama yeye.

Bibi alimtazama akihangaika na kalamu. Akaweka ungo chini.

"Una mama?"

"Ninaye, Bibi."

"Mama yako nimemzaa mimi. Kuanzia sasa hivi. Kwa hiyo wewe ni nani?"

Perusi akafikiri. "Mjukuu."

"Mjukuu na bibi yake wanaogopana?"

Hawaogopani. Kila mtu aliyekulia na bibi analijua hilo. Yale ambayo mama hawezi kuyatamka mbele ya binti yake, bibi humwambia mjukuu wakichambua mlenda, na wote wawili hucheka mpaka mboga inamwagika. Perusi mwenyewe, alipokuwa mwari, hakuambiwa chochote na mama yake. Alipelekwa kwa bibi yake kwa wiki nzima, akarudi anajua.

"Haya basi, mke mwenzangu," alisema Bibi Eliwaza. "Umekuja kumchukua mzee? Mchukue. Ila ujue anakoroma."

Mzee Kitundu Mpinga, bila kugeuka, alilalamika kwamba mke mpya amekuja mikono mitupu, na kwao mke wa namna hiyo hurudishwa akalete angalau jogoo.

Ndipo Perusi akauliza. Na aliyeulizwa alikuwa akingoja.


7

31. Je, una mwenzi?
Huyo hapo. Andika Kitundu, usiandike ndiyo.

32. Je, unahitaji faragha pamoja na mwenzi wako?
Tulikutana kwenye foleni ya dawa za presha. Mimi mjane, yeye mjane. Mchungaji alitubariki mbele ya wakazi wote. Tulipeleka cheti ofisini, wakasema hakuna jalada la kukiweka, basi kiko kwenye bati la biskuti. Sasa unaniuliza kama nahitaji mlango? Mjukuu wangu, mkono wa mtu ukiushika usiku, mgongo hauumi. Mengine ni yetu. Andika: nahitaji mlango.

33. Je, unaipata?
Mpaka tarehe 30.


8

Habari ilienea Mgungani kabla chai ya saa nne haijaisha. Wakazi walikuja mmoja mmoja na viti vyao, wakapanga foleni. Walikuwa kumi na saba. Perusi alijaza madodoso yote, na karatasi zilipokwisha akachora visanduku kwenye daftari.

(mwanamume, 81) Nilidhani hamtakuja kuuliza mpaka nife.

(mwanamke, 69) Sina mwenzi, wala simtaki, nimepumzika. Lakini niulize, nikatae mwenyewe.

(mwanamume, 77) Alicheka mpaka akaletewa maji. Kisha akalia kidogo. Kisha akasema tuendelee na swali linalofuata.

(mwanamke, 72) Mwenzangu ni Mwajabu, huyu hapa. Miaka thelathini na minane. Kwenye fomu zenu mmeandika "dada yake". Mimi sijawahi kuwa na dada.

Jibu hili la mwisho halikuwa na namba yake. Kwenye kompyuta 1 ilikuwa mume, 2 ilikuwa mke, na kila namba ilitazama jinsia ya mhojiwa kabla ya kukubali. Perusi alisita. Mambo hayo hakuwahi kuyafikiria sana, na hakujifanya kuwa amewahi. Wale wanawake wawili walimngoja, wakiwa wameshikana mikono, wima kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti.

Akayaandika maneno yenyewe, yote, kama yalivyosemwa.


9

Tasnifu ya mwaka 2019: "Kwa mujibu wa tafiti zilizotangulia (2014), wazee hawana uhitaji wa faragha ya wenzi."

Tasnifu ya mwaka 2014: "Kama ilivyothibitishwa (2006)."

2006: "Kama inavyojulikana (1997)."

1997: "Jedwali la 4. Ili kuokoa nafasi, majibu 'Hapana' na 'Haihusiki' yamejumlishwa."

Hapo Perusi alisimamisha rula.

Tisini na tisa, maana yake hatukuuliza. Ikawekwa safu moja na hapana. Ikawa hapana. Ikawa jedwali, ikawa ukurasa wa 41, ikawa barua, ikawa nyundo inayokuja kwenye ukuta wa Chumba namba 9.

Wazee hawakuonyesha uhitaji.

Wazee

hawakuonyesha

hawakuulizwa.


10
Maelekezo kwa msomaji

Iwapo una umri wa miaka 60 au zaidi, usisome kipande hiki. Ruka hadi 11.

 

 

Hukuruka.

Safi sana. Na wewe ambaye hujafika sitini, piga hesabu imebaki mingapi, halafu tuendelee pamoja.


11

1997 ilitaja 1989. Ya 1989 haikuwa kwenye kompyuta. Ilikuwa ndani ya sanduku, juu ya kabati, chini ya vumbi: madodoso arobaini yaliyojazwa kwa mkono na Festo Rwechungura, mwanafunzi, umri miaka 29. Leo ni Dokta Rwechungura, mkuu wa idara ya utafiti, mwandishi wa Mwongozo, mtu ambaye wahadhiri humpisha mlangoni.

Perusi aliyapanga sakafuni kwa namba.

Namba 1 mpaka 16: Sehemu D imejazwa. Hata kwa wazee. Namba 4, mwanamume wa miaka 66: ndiyo, ndiyo, hapana. Namba 11, mwanamke wa miaka 70: ndiyo, ndiyo, "mara mojamoja, wajukuu wakienda shule".

Namba 17, mwanamke, miaka 61: 99, 99, 99. Mwandiko umetetemeka.

Kuanzia hapo, kila mzee: 99.

Na kwenye kiambatisho, maelekezo yaliyochapwa kwa utepe mpya wa wino, mweusi kuliko kurasa nyingine zote: Iwapo mhojiwa ana umri wa miaka 60 au zaidi. Wazee wa namba 4 na 11 waliondolewa kwenye jedwali "kwa ajili ya ulinganifu".

Perusi aliirudia namba 17. Mtu mwingine angesema, nimemkamata. Yeye alijiuliza: namba 17 alikuwa nani, hata mkono wa mwanamume mwenye umri wa miaka 29 utetemeke?


12

Karani hahudhurii kikao cha utafiti. Karani hampingi mkuu wa idara. Lakini karani anaweza kumwomba mtu yeyote ajaribu dodoso kabla halijachapwa upya. Hiyo ndiyo kazi yake, na imeandikwa.

Tarehe 26, saa tano asubuhi, alimpelekea Dokta Rwechungura dodoso tupu na kalamu.

"Naomba unijazie, Dokta. Nataka kuona kama lina kasoro."

Alilijaza kwa raha, akitania kwamba leo mwindaji amenaswa kwenye mtego wake. Jina la wilaya. Elimu. Umri.

63.

Akageuza ukurasa.

Nje mtu alikuwa anafagia. Ufagio ulipita dirishani, ukaenda, ukarudi.

"Perusi."

"Abee, Dokta."

"Hapa inasema niruke."

"Ndiyo, Dokta. Na kompyuta itajaza yenyewe."

Alivua miwani. Akamwambia, kwa sauti ya chini, kama vile Perusi angeweza kuwa na shaka, kwamba nyumbani ana mke. Kwamba juzi tu walikuwa wanacheka jambo, yeye na mkewe, kama watoto. Kwamba bado

Hakumalizia. Perusi aliweka dodoso namba 17 mezani kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa chakula.

Dokta aliivuta ile karatasi karibu.

"Huyu ni mama wa mke wangu, Naomi. Nilikuwa nimepeleka barua ya posa wiki mbili kabla. Sikujua kama yumo kwenye orodha mpaka nilipofika uani. Nilimsalimia macho yakiwa chini. Nikamuuliza mpaka swali la thelathini." Akapumua. "Linalofuata unalijua. Wewe ungemuuliza mama mkwe?"

"Nisingemuuliza, Dokta."

"Unaona."

"Ningemtuma mjukuu."

Dokta akamtazama. Si kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyepita njia moja miaka thelathini na minne, leo anaonyeshwa kwamba ubavuni palikuwa na mlango, na haukuwahi kufungwa.

Alieleza kwamba aliona aibu kurudi kwa msimamizi wake na nafasi tupu moja. Kwa hiyo akazifanya zote ziwe tupu, ili zifanane. Kisha akaandika kanuni, ili ionekane alikusudia. Kisha wanafunzi wake wakainakili, maana ilikuwa ya kwake, na wanafunzi wao pia.

Perusi alifikiri: kumbe ilikuwa heshima. Heshima ya mkwe mmoja kwa mama mmoja, kwenye ua mmoja, iliyotandazwa juu ya wazee wa nchi nzima kama shuka fupi.

Alisema tu: "Tarehe ya mwisho ni thelathini, Dokta."


13

MAREKEBISHO (rasimu, haijapitishwa na kikao)

Kanuni ya kuruka Sehemu D kwa wahojiwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi haikutokana na matokeo ya utafiti. Ilitokana na mimi.

Jedwali la 4 la mwaka 1997, na machapisho yote yaliyolitegemea, pamoja na ukurasa wa 41 wa Mwongozo, yasitumike kama ushahidi kwamba wazee hawana uhitaji wa wenzi. Hatujui. Hatukuuliza.

Wazee wa Mgungani sasa wameulizwa. Majibu yao yameambatishwa, likiwemo moja lisilo na namba. Chuo kitengeneze namba.

F. Rwechungura

Ukusanyaji na uchambuzi: Perusi Ntandu


14

Mstari huo wa mwisho aliuchapa mara nne, kila mara akidhani amekosea.

Kwenye tasnifu kumi na moja jina lake limo, mwishoni, chini ya shukrani: na kwa dada Perusi kwa kuchapa. Mara mbili walimwandika Pelusi.

Dokta ndiye aliyesema jina liwe hapo. Perusi alijibu kwamba yeye hana digrii. Dokta akasema digrii anazo yeye, na tazama alichokifanya nazo.

Alipeleka bahasha ofisi ya ujenzi mwenyewe, kwa mkono, tarehe 28. Mpokeaji aligonga muhuri na kuuliza kama haya ni malalamiko.

"Hapana," alisema Perusi. "Ni utafiti."

Alitoka pale akitembea taratibu kama kawaida yake. Ila mabega.

Mabega yalikuwa yamepanda juu.


15

Tarehe 30. Hakuna jibu.

Tarehe 31. Kikao cha utafiti kimeahirishwa. Wahadhiri watatu wameandika kupinga. Mmoja ameandika kuomba nakala ya jibu lisilo na namba.

Tarehe 1. Bado hakuna jibu.


16

Tarehe 2 alikuja Mgungani mpimaji, mwanamume mwenye tumbo na kofia ya plastiki ya njano, peke yake, na futi ya chuma kiunoni. Perusi alikuwapo. Alikuwa ameleta jogoo. Mzee Kitundu alikuwa amemkagua jogoo huyo, akatoa uamuzi kwamba mke amekubaliwa, na Bibi Eliwaza akatangaza kuwa sasa kuna vita ndani ya nyumba.

Mpimaji alisalimia, akasema ana michoro miwili. Mmoja una ukuta hapa, mwingine hauna chumba kabisa. Ofisi imempa yote, imemwambia akapime kwanza. Upi utajengwa hajui. Yeye hupima tu.

Alihitaji mtu wa kumshikia futi. Mzee Kitundu akainuka, akashika mwanzo wake, akaukandamiza kwenye kona. Bibi Eliwaza akaipokea futi kwa mpimaji bila kuombwa, akaivuta mpaka kona ya pili, akaipitisha mbele ya kitanda, juu ya bati la biskuti, akasimama na mgongo ulionyooka. Utepe wa chuma ulikaa kati yao, umekazwa, ukimetameta.

"Mita tatu na nusu," alisoma mpimaji. Akatoa fomu yake. Akaandika urefu. Akaandika upana. Kalamu ikafika kwenye mstari wa Matumizi ya chumba, ikasimama.

Mwishoni mwa mstari huo, kwa chapa ndogo, palikuwa tayari pameandikwa kitu. Perusi aliweza kukisoma kutoka alipokuwa. Tisa mbili.

Mpimaji alikuna shingo chini ya kofia. Aliwatazama wazee wawili walioshikilia futi, akamtazama Perusi, akatazama chini, na masikio yake yakaiva kama ya mtu aliyesimama uani kwa mama mkwe.

Bibi Eliwaza hakuiachia futi.

"Una mama?" alimuuliza.

"Ninaye, Bibi."

"Vizuri. Keti kwenye hiyo ndoo, mjukuu wangu. Kata hizo namba, halafu uliza."

Mpimaji akavua kofia. Akaketi. Akapitisha kalamu juu ya zile namba mbili, mara moja, mara ya pili, akainua macho, akauliza.